Rangi Hii Ina Mwenyewe

Konokono aliponiambia kwamba kuna watu wawili wanaocheza jeshi moja, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wawili, jeshi moja! Hata mke na mume hawaelewani wakishika mwiko mmoja.

Konokono ndiye fundi wetu wa mtandao. Tulimpa jina hilo kwa sababu kazi yake hufika polepole, lakini ikifika imefika, huirudii. Mimi wananiita Mama Vitufe. Chochote anachokibofya mchezaji, anachokishika, anachokiburuta au kukitukana ndani ya mchezo wetu, kimepita mikononi mwangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Ngome. Ni wa vita: unajenga kuta, unachimba kisima, unakusanya askari, na adui hangoji umalize kufikiri, anakuja tu wakati wewe bado unahangaika na vitufe. Na katika Ngome ya zamani mtu alihangaika hasa! Ukitaka askari asogee, unambofya yeye, unashuka chini ya skrini kubofya picha ya kiatu, unapanda tena kubofya ardhi. Hapo umemsogeza askari mmoja, na adui yuko getini. Nusu ya skrini ilifunikwa na mbao za kuchorwa, eti urembo. Walioutengeneza walishahamia kazi nyingine, wakatuachia sisi tutengeneze Ngome ya Pili. Bosi aliniambia maneno machache tu: "Vita ni vilevile. Wewe nitengenezee namna mpya ya kuvipigana."

Nikafanya. Mbao nikazing'oa. Picha ya kiatu nikaitupa. Sasa unaburuta kipanya, unachora kisanduku kuzunguka jeshi zima, unabofya kulia pale unapopataka, na wote wanaondoka kwa mpigo. Kila kundi unaweza kulipa namba yake kwenye kibodi, ukaliita kama unavyomwita mtoto aje kula. Nilijivuna, sikatai. Mtu akija kujaribu kwenye kiti changu, nilisimama nyuma yake nikingoja aseme ahaa.

Likabaki suala la rangi. Kabla vita havijaanza, wachezaji hukutana kwenye chumba cha kusubiria, kila mmoja anachagua rangi ya jeshi lake. Wale wa mwanzo walisahau kuweka kizuizi. Watu wawili wakichagua rangi moja, mchezo unawapa jeshi moja na wote wana amri. Mmoja akisema askari nenda kulia, mwingine akisema kushoto, maskini askari anabaki katikati anatetemeka kama aliyeona chatu. Kosa tupu. Na kwa kisanduku changu kipya ingekuwa balaa zaidi, maana mmoja angelizoa jeshi lote na kumwacha mwenzake anatazama.

"Tufunge," nikasema kwenye kikao.

"Kuna watu wanaitumia hiyo," akasema Konokono.

"Watu gani?"

"Wengi walijaribu kwa utani wakaacha. Ila kuna wawili hawajaacha. Kila alasiri, miaka sasa. Mmoja anashika kaskazini, mwingine kusini, hawagongani hata kidogo. Na hawaandikiani. Sehemu ya kuandikiana ipo, hawajawahi kuigusa."

"Hata salamu?" Bosi akauliza.

"Hata salamu."

Ndipo nilipocheka. "Kwa hiyo tuharibu kazi ya watu wote kwa ajili ya mabubu wawili? Konokono, hebu nenda kapumzike." Bosi naye akacheka, na hoja ikafia palepale. Konokono akainamia kompyuta yake akanung'unika jambo ambalo sikulisikia wala sikutaka kulisikia.

Maneno ya kumzuia mchezaji niliyaandika mwenyewe. Wenzangu wangeandika "Samahani, chaguo hili halipatikani kwa sasa," kuomba radhi kama mgeni aliyevunja kikombe. Mimi siko hivyo. Niliandika: "Rangi hii ina mwenyewe. Tafuta yako." Bosi akasema yana chumvi. Yakapita.

Kabla ya kuutoa mchezo, Bosi alitaka wazoefu wa Ngome ya zamani waujaribu. Konokono akawatumia mwaliko, wengi wakajiunga kutoka makwao kwa njia ya mtandao. Lakini Bosi alitaka na mmoja wa kukaa mbele yetu, tumwone uso. "Mniletee mtu aliyeizoea ya zamani mpaka basi," akasema. Nikamleta baba yangu.

Baba alikuwa fundi saa mpaka macho yalipomgomea. Mama alipofariki, mzee akawa mtu wa kutazama ukuta, chai inapoa mbele yake, nikaogopa kwamba nitampoteza na yeye. Nikamwekea kompyuta kwenye kona iliyokuwa ya cherehani ya mama, nikamfundisha Ngome. Mwanzoni alilalamika sana. Halafu akanyamaza, na ninavyomjua, akinyamaza amenogewa. Mimi nilidhani anacheza na mashine. Nani atamhoji baba yake anacheza na nani?

Kwa mama tulizaliwa wawili, mimi na Kaka. Kaka anaishi mbali. Siku ya kumzika mama gari lilimharibikia njiani, akafika kaburi limeshafukiwa. Baba alimkuta mlangoni, akamwambia, "Umekuja kumzika nani?" Akafunga mlango. Kaka alikaa pale kizingitini mpaka jua likazama, mimi nikimsihi huyu ndani na yule nje, mpaka akainuka akaenda zake. Hawajasemeshana tena. Ukitaja jina la Kaka nyumbani, Baba anaanza kuulizia habari za mvua. Ukimtaja Baba kwenye simu, Kaka anasema mtandao unasumbua. Nilishachoka nao. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi mwenyewe ndiye mimi.

Basi Baba akaja kazini kwetu, shati limenyooka kwa pasi, miwani inang'aa. Bosi akampa shikamoo na kiti kizuri. Nikamfungulia Ngome ya Pili.

"Chora kisanduku, Baba. Hivi. Sasa bofya kulia."

Akabofya. Jeshi likaondoka lote. Akaruka kidogo kwenye kiti.

"Wote?"

"Wote."

"Kwa mpigo? Loo! Na kama kuna aliyekuwa hataki?" Bosi akaangua kicheko. "Na kiatu kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Nilishakizoea kile kiatu," akasema, lakini nikamwona anachora visanduku mfululizo kama mtoto aliyepewa chaki. "Hongera, mama. Mikono yako myepesi." Kichwa kikanivimba. Kupata sifa kwa Baba ni kama kupata mvua ya kiangazi.

Kisha akatazama saa yake ya mkononi. "Sasa niwekeeni ile ya mtandao. Muda wangu umefika."

Konokono akafungua chumba cha kusubiria. Baba akaandika jina lake la mchezoni, Saa Mbovu. Nikamtania, "Baba, ndilo jina hilo?" Akanijibu, "Fundi saa aliyestaafu, ulitaka nijiite nani? Mrembo?" Nyuma yangu Konokono alivuta pumzi kwa nguvu, lakini sikugeuka.

Baba hakupepesa macho kwenye rangi nyingine. Akaenda moja kwa moja kwenye zambarau, akabofya.

"Rangi hii ina mwenyewe. Tafuta yako."

Akabofya tena. Maneno yakarudi. Akasogeza uso karibu na skrini, akayasoma polepole, midomo ikimcheza. Halafu akaachia kipanya. Nilimtazama usoni nikashtuka, maana niliwahi kuuona uso ule mara moja tu maishani, na ilikuwa siku ya msiba.

"Baba? Chagua nyekundu basi. Ni rangi tu."

"Basi," akasema. "Imetosha." Akabofya kitufe cha kutoka, akavua miwani, akainuka. Jina lake likatoka kwenye chumba cha kusubiria. "Nirudishe nyumbani."

"Jamani, Baba! Rangi tu!"

"Nilijua ipo siku atanijua," akasema, si kwangu. "Miaka yote hajaniandikia neno. Leo kaandika."

"Nani kaandika? Hayo maneno nimeyaandika mimi!"

"Usinifunike macho, mwanangu. Maneno yana mwenyewe, na nimestahili."

Sikumwelewa hata kidogo. Nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, na hofu ikanishika kweli. Konokono akanivuta mkono. "Mama Vitufe," akanong'ona, "Saa Mbovu ndiye mmoja wa wale wawili. Mabubu wako. Mwenzake ni yule pale." Akanionyesha. Kwenye zambarau palikuwa na jina moja: Kizingiti.

Sijui kama umewahi kupigwa kofi na mtu aliyeko chumba kingine. Kizingiti. Nikajiambia hapana, majina ni mengi, watu wanajiita hata sufuria. Wakati huo huo vita vikaanza vyenyewe, na jeshi la zambarau likajitokeza kwenye skrini ya Baba aliyoiacha, ambayo sasa ilikuwa ya kutazama tu. Kizingiti hakugusa ukuta wala geti. Alimchukua askari mmoja kwanza, akampeleka kisimani, akamsimamisha hapo, akikipa kisima mgongo. Mmoja tu.

Mama yangu! Nikashika meza.

Tulipokuwa wadogo tulipigana vita sakafuni dukani kwa Baba, kwa vizibo vya soda, Baba akiwa juu yetu na lenzi jichoni. Kaka kila mara aliweka kizibo kimoja kando, karibu na ndoo. Nilimshinda mara nyingi kwa sababu ya kizibo hicho kisichopigana. Nikimwambia akilete vitani, ananijibu, "Huyu haendi. Huyu analinda maji ya mama."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa amesimama, macho kwenye skrini, kwa askari yuleyule.

"Ulikuwa unajua," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

"Jina nilidhani ni bahati tu. Nilibofya rangi yake kwa makosa, kipanya kilinishinda. Halafu akamweka askari kisimani." "Tangu siku hiyo narudi. Ningemwandikia nini? Nilimfungia mlango mwanangu siku ya kumzika mama yake. Nikasema nitamshikia kaskazini tu, asijue ni nani. Akijua ni mimi, hatarudi. Na leo kajua. Ana haki."

Niliichomoa simu mfukoni, nikatoka nje, koridoni. Kwa haraka nikabofya jina la fundi bomba kwanza, nikakata. Kaka akapokea.

"Sema haraka, mdogo wangu, sina raha."

"Wewe ndiye Kizingiti?"

Nikamsikia anahema.

"Nani kakuambia?"

"Kaka, unacheza na nani kila siku?"

"Na mzee mmoja."

"Mzee gani?"

"Mzee mmoja tu, bwana!" akafoka. Halafu sauti ikamshuka. "Mwanzoni sikujua. Jina ni jina. Lakini nikaona anavyojenga kuta. Anaweka jiwe, anasimama, anaweka jingine, kama mtu anayekaza skrubu ya saa. Kuna mwingine wa hivyo duniani? Nakuomba kitu kimoja, usimwambie. Akijua ni mimi atafunga tena. Na nadhani ameshajua. Leo jina lake limeingia, likatoka. Hajawahi kufanya hivyo. Nimekaa hapa na jeshi zima sijui nalipeleka wapi."

Nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, mdomo wazi, na mfagiaji aliyepita akaniuliza kama nina msiba. Watu wazima wawili! Kila mmoja anajua, kila mmoja anamficha mwenzake, na kila mmoja sasa anaamini amefukuzwa. Na aliyewafukuza ni mimi, kwa maneno machache yenye chumvi. Sikujua nicheke au nilie, nikajikuta nafanya vyote na simu iko sikioni.

"Unalia nini?" Kaka akauliza.

"Usikate. Ukikata nakuapia nitakuja huko kwako nikupige."

Nikarudi ndani, simu nimeiweka kwenye spika wote wamsikie. Baba alikuwa bado amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Bosi alikuwa anatuangalia kwa zamu kama mtu aliyeingia filamu ikiwa katikati. Nikamnyooshea Baba simu. Hakuipokea. Aliitazama kama sahani ya moto. Kwenye skrini adui alikuwa ameanza kushuka mlimani, na ngome ya zambarau ilikuwa imejengwa pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi.

Baba akakohoa. Nilingoja samahani, nilingoja pole, nilingoja jina la mwanawe hata kwa kunong'ona.

"Mwambie," akasema, "ukuta wa kaskazini ameuacha wazi. Adui ataingia."

Nikaiinua simu. "Kaka, anasema ukuta wa kaskazini—"

"Nimesikia." Sauti ya Kaka ilikuwa nyembamba, ya yule mvulana wa vizibo. "Mwambie nimeuacha makusudi. Ni upande wake. Mimi siugusi."

Baba akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati alilolipiga pasi, akaivaa tena. Akakaa. Akanitazama mimi, mwanawe, mtaalamu wa vitufe, na kusema neno moja.

"Nifungulie."

"Konokono!" nikapiga kelele. "Rudisha lile kosa! Sasa hivi!"

"Ngojeni kwanza," Bosi akaingilia, "hili ni toleo la mwisho, tumekubaliana—"

"Bosi, kesho nifukuze. Leo niache."

Konokono hakuharakisha, hakuwahi kuharakisha maishani mwake. "Mimi sikulifuta," akasema huku akibofya. "Nililifunika tu. Ndicho nilichokuwa nawaambia siku ile, mkawa mnacheka. Haya, mzee, ingia. Ni kama mtu aliyekatikiwa mtandao, anarudi alipoachia."

Baba akabofya zambarau. Safari hii skrini haikusema kitu. Ikamfungukia.

"Sasa na kile kisanduku?" Bosi akaninong'oneza sikioni. "Mzee akiburuta, si atalizoa jeshi lote la mwenzake?"

Ndiyo ilikuwa hoja yangu mwenyewe. Lakini Baba hakuchora kisanduku. Kile nilichokitengeneza kwa jasho, kile alichokisifia muda mfupi uliopita, hakukigusa. Alikwenda akambofya askari mmoja, wa kaskazini, akampeleka mahali pake. Akarudi akambofya mwingine. Mmoja mmoja, taratibu, asije akamshika wa mwanawe. Ukuta ukaanza kupanda, jiwe, kutulia, jiwe. Upande wa kusini askari wa Kaka nao wakaanza kutembea.

Kisha, adui akiwa ameshakaribia, na askari wa kaskazini wakihitajika kila mmoja, Baba akafanya jambo ambalo mchezaji yeyote angeliita la kipumbavu. Akamtoa mmoja kwenye mstari, akamvusha uwanja mzima, akampeleka kisimani. Akamsimamisha ubavuni kwa yule wa kwanza.

Nikaitazama simu, nikidhani imekatika.

"Baba?" sauti ya Kaka ikasema.

Baba hakuondoa macho kwenye skrini. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya miwani na wala hakuyafuta, mkono wake ulikuwa na kazi.

"Nipo," akasema. "Shika kusini, mwanangu. Wanakuja."